Bwana Harusi Ameachwa Kiabakari

Isidori aliporudi Butiama baada ya kustaafu kazi ya reli, swali lake la kwanza lilikuwa gari la kwenda Musoma linaondoka saa ngapi.

"Likijaa," mdogo wake Revocatus akamjibu.

"Nimekuuliza saa."

"Kaka, ndo saa yenyewe hiyo. Likijaa."

Isidori akamgeukia mkewe, Yuliana, akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba huku kwao siku hizi jua linachomoza likijisikia.

Maisha yake ya utu uzima alikuwa ameyamalizia kwenye stesheni ndogo katikati ya pori, huko kati ya Tabora na Kigoma. Alianza kwa kugeuza njia za treni, akamalizia kwa kushika bendera. Nyumba yao ya reli ilikuwa karibu na njia kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita, vikombe vilihama mezani. Barabara ya maana haikuwepo. Maji yalikuja kwa behewa la tangi, chumvi ilikuja kwa treni, padri alikuja kwa treni, na binti yao Robi alizaliwa hospitali ya wilaya kwa sababu tu treni ya siku ile ilipita asubuhi badala ya jioni. Treni yenyewe ilikuwa ikichelewa, pengine nusu siku nzima, lakini hilo halikumsumbua mtu. Mwanamke aliendelea kupika. Akisikia honi kwa mbali, anafunika sufuria, anajitanda khanga, na injini haijasimama yeye yuko pale. Kwa watu wa stesheni, kuchelewa ilikuwa kazi ya treni. Kazi ya abiria ilikuwa kuwepo. Na bendera ya kijani ikishapanda juu, hata uwe askofu, umeachwa.

Mtu wa namna hiyo alipata tabu sana Butiama. Siku moja alikaa kwenye gari la Musoma mpaka likajaa, na bado kondakta akawa anaita watu. Isidori akashuka, akatoa filimbi yake mfukoni, akaipuliza kwa nguvu. Dereva alishtuka, akadhani ni trafiki, akaondoa gari mbio. Kondakta akabaki anakimbia nyuma yake. Isidori naye akabaki, maana alikuwa bado chini.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kwamba ukoo huohuo ndio uliomkabidhi safari ya Kibara.

Fredi, kijana wa Revocatus, alikuwa fundi wa majokofu mjini Musoma, amepanga chumba Kigera. Huko akampata Adventina, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye kwao ni Kibara. Wazee wakakubaliana kwamba ukoo wa Fredi uende kujitambulisha Jumamosi, saa nne asubuhi. Revocatus alikumbuka aibu ya safari yao ya mwisho, walipokwenda kwenye harusi Mugango wakafika wenyeji wanaosha masufuria.

"Safari hii tumpe mtu wa reli, na usemaji tumpe yeye," alisema kwenye kikao, na watu wakapiga makofi.

Isidori alipokea kama mtu aliyerudishwa kazini. Alikwenda kumwona Boniphace, dereva wa basi dogo aina ya Kosta walilolikodi, akampa maelekezo.

"Wewe usiangalie watu. Watu watakuchelewesha. Niangalie mimi. Nikipuliza filimbi na kuinua bendera hii ya kijani, unaondoka. Nikikaa kimya, hata wakulilie, unasimama."

"Nimeelewa, mzee," Boniphace akasema, na alielewa kweli. Alikuwa amebeba koo nyingi za Mara kwenye shughuli, na hakuwahi kupewa amri moja na mtu mmoja. Alifurahi sana.

Jumamosi ile Kosta ilitoka Butiama alfajiri kwa wakati uliotajwa. Shangazi Matrida aliingia akiwa amesukwa kichwa upande mmoja, ule mwingine umesimama kama nyasi, na jirani yake wa kiti ikabidi amsuke njiani. Mzee mmoja alivalia viatu ndani ya gari. Hakuna aliyeachwa. Isidori alikaa mbele, bendera ya kijani kwenye goti hili, nyekundu kwenye lile, na Yuliana akamwona mumewe ana uso ambao hakuwa ameuona tangu wahame stesheni.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kiabakari. Hapo ndipo walipopatana kumchukua Fredi, ambaye angetoka Musoma kwa gari la abiria.

Na Fredi alikuwepo. Kwa kumwogopa baba yake mkubwa alikuwa amefika mapema kuliko wote, ndani ya suti mpya. Kosa lake lilikuwa viatu. Aliviona vina vumbi, akaona aibu kwenda ukweni navyo, akaenda kuketi kwa fundi viatu nyuma ya vibanda. Aliposikia Kosta inasimama, fundi alikuwa amemaliza kimoja na amekishika cha pili. Fredi hakuharakisha. Aliwajua watu wa kwao: watashuka wote, watanunua ndizi, watagombana bei, shangazi atatafuta choo.

"Malizia tu," akamwambia fundi. "Hawa hawaondokagi leo."

Isidori alishuka. Akaangalia upande wa Musoma, akaangalia upande wa Bunda. Hakuona suti. Akasubiri muda aliouona ni wa halali kwa stesheni ya ukubwa ule. Kisha akapuliza filimbi, akainua kijani, akarukia mlangoni kama kijana, na Boniphace akaondoa gari.

"Fredi je?" Revocatus akauliza.

"Hayupo. Asiyekuwepo atakuja na inayofuata."

"Inayofuata ipi, kaka? Tumekodi moja!"

Kabla Isidori hajajibu, kelele za kicheko zikapasuka viti vya nyuma. Kuna mtu alikuwa anakimbiza gari. Alikuwa mbali tayari, vumbi la pembeni limemfunika uso, koti linapepea, na mguuni ana kiatu kimoja. Kila hatua ya pili alikuwa anaruka kwa uchungu wa kokoto.

"Jamani mtazameni yule!" Shangazi Matrida alisema, machozi yanamtoka. "Kiatu kingine kaenda nacho nani?"

Revocatus naye aligeuka, akamwona, akacheka kuliko wote. Alijipiga mapaja. "Suti nzuri namna ile na mguu mmoja! Wazazi wake huyo wana kazi."

Gari lilikuwa limekwenda mbali ndipo simu ya Revocatus ilipolia. Aliipokea bado anacheka. Akasikiliza. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Ni nani?" Yuliana akauliza.

"Ni Fredi," Revocatus akasema polepole. "Anasema tumempita. Anasema alikuwa anapunga mikono." Akaitazama simu. "Imekatika. Imeisha chaji."

Gari zima likalipuka. Kila mtu alitaka Boniphace ageuze. Boniphace alimtazama Isidori tu, kama alivyoagizwa, na Isidori alikuwa ametazama mbele.

"Treni hairudi nyuma kwa abiria mmoja," akasema.

"Hii ni Kosta!" Revocatus akapiga kelele. "Na huyo si abiria! Ndo harusi yenyewe hiyo umeiacha!"

"Wakwe wametuambia saa nne. Tukirudi, watu wote wamechelewa. Tusiporudi, amechelewa mmoja."

Hesabu ilikuwa sahihi na hakuna aliyeipenda. Mpaka Bunda hakuna aliyemsemesha. Pale stendi ya Bunda Isidori alikuwa amepanga watu wanywe chai bila kushuka, kama inavyofanyikaga kwenye treni, na wauzaji walipoona gari zima limetoa mikono madirishani wakaja mbio na maandazi, mayai na mahindi. Katika vurugu ile hakuna aliyeona lori la barafu lililopita barabarani kwenda Kibara kuchukua samaki, wala kijana mwenye kiatu kimoja aliyekaa karibu na dereva, ambaye naye hakuwaona wao kwa sababu alikuwa ameinama anatoa mwiba mguuni.

Yuliana hakula. Alimwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Baba Robi, huyu mtoto tulimbeba siku ya ubatizo wake."

Isidori akamkabidhi bendera ya kijani, akabaki na nyekundu, akashuka.

"Unaenda wapi?"

"Kiabakari. Ninyi endeleeni, msitusubiri. Nitakuja naye." Akamgeukia Boniphace. "Sasa utamwangalia mama."

Akavuka barabara na kupanda basi la kurudi. Simu yake ilibaki kwenye mkoba wa Yuliana, na hakuna aliyekumbuka.

Huko Kibara, baba yake Adventina, Mzee Mwandu, alikuwa hajaanza hata kuoga. Wageni wote aliowahi kuwaambia saa nne walifika saa saba, kwa hiyo alikuwa na fulana tu, anapambana na turubai la kukaribishia wageni ambalo lilimwangukia kila aliposimamisha mguu wa pili. Fundi wa turubai alikuwa ameahidi kufika asubuhi, na hakuonekana.

Lori la barafu lilimshusha Fredi jirani na pale. Dereva alikuwa amemwonea huruma akampa kandambili, moja ya bluu na moja ya njano. Koti alikuwa amelivua na kulikunja kwapani, shati limejaa vumbi, na mfukoni alibeba kiatu chake kimoja. Alisimama kwenye uzio akifikiri ajitambulishe vipi, peke yake, bila ukoo.

Mzee Mwandu akamwona kupitia chini ya turubai.

"Umechelewa!" akafoka.

Tangu asubuhi Fredi alikuwa anaambiwa hivyo na dunia nzima. "Nisamehe, mzee," akasema.

"Kuomba samahani hakusimamishi turubai. Shika kamba hiyo."

Fredi akaishika. Baada ya hapo hakupata tena nafasi ya kusema yeye ni nani. Turubai liliposimama, akaambiwa viti. Viti vilipopangwa, akaambiwa kuni. Adventina alitoka jikoni na sinia la mchele, akamwona mchumba wake ameinua shoka, kandambili rangi mbili. Fredi akamkonyeza kwa kumwomba amsaidie. Adventina akageuka akarudi ndani, na kicheko chake kikasikika mpaka zizini. Alipotoka tena alikuwa amejikaza.

"Baba," akasema, "huyo fundi wako akimaliza kuni, kuna samaki wa kuparua. Anaonekana ana nguvu."

Saa nne kamili Kosta ikaingia uani. Mzee Mwandu alikimbilia ndani kutafuta shati, mkewe akatoka na mikono ya unga, kuku wakatawanyika. Hakuna ukoo uliowahi kuwafanyia ukatili wa namna ile. Ilibidi wageni wakae chini ya turubai muda mrefu, wanatazamana, mpaka wenyeji wamalize kuvaa. Yuliana alikaa mbele na bendera mapajani. Hakujua aiweke wapi.

Hatimaye Mzee Mwandu akatokea, amefunga vifungo vibaya, akawakaribisha kwa heshima zote.

"Sasa," akasema, "msemaji wenu ni nani?"

Revocatus akasafisha koo. "Msemaji wetu amerudi Kiabakari."

"Kufanya nini?"

"Kumfuata kijana."

"Kijana amefanya nini?"

"Aliachwa."

"Na nani?"

Revocatus akatazama chini. "Na msemaji."

Mzee Mwandu alimgeukia dada yake, Kulwa, aliyekuwa ameketi upande wa wenyeji na macho makali. Kulwa akatikisa kichwa taratibu.

"Haya basi," Mzee Mwandu akasema kwa kukosa la kusema. "Waoshwe mikono kwanza. Fundi! Leta maji!"

Fredi akaja na birika na beseni, ameinamisha kichwa. Akaanza kwa mkubwa wa wageni, yaani baba yake. Revocatus akanyoosha mikono bila kutazama, mawazo yako Kiabakari. Maji yakamwagika. Akaona kandambili ya bluu. Akaona ya njano. Akapandisha macho kwenye suruali ya suti.

"Wewe!" akasema.

"Shikamoo, baba," Fredi akanong'ona.

Revocatus akasimama, beseni likapinduka. "Huyu hapa! Huyu ndo mwanangu!"

Shangazi Matrida alipiga kigelegele kabla hajajua kama kinafaa. Mzee Mwandu alimtazama Fredi, akatazama turubai lililosimama imara, akatazama rundo la kuni, akatazama samaki waliokwisha kuparuliwa. Uso wake ulianza kukunjamana, na haikujulikana ni hasira au nini.

"Adventina!" akaita. "Njoo hapa. Hawa watu unawafahamu?"

Adventina akapiga goti, akawatazama wageni mmoja mmoja kwa makini.

"Huyu mwenye birika namfahamu," akasema. "Hao wengine nawaona leo."

Hapo hata wenyeji walicheka. Mzee Mwandu mwenyewe ilibidi akohoe ili asionekane. Lakini Shangazi Kulwa hakucheka. Alisubiri mpaka pakatulia.

"Mimi nina swali," akasema. "Mnakuja kuchukua mtoto wetu. Lakini wa kwenu, tena siku yake, mmemwacha barabarani, na nasikia mlimwona anakimbia. Wa kwetu atakuwa salama namna gani?"

Likawa swali zito. Wanaume wote wa ukoo ule wakaanza kusoma nyasi. Yuliana ndiye aliyesimama, bendera mkononi.

"Wifi yangu, aliyemwacha ni mume wangu, kwa hiyo nitajibu mimi. Tulikuwa tunaishi stesheni. Siku moja nilikwenda mnadani stesheni ya mbele, binti yangu mgongoni, na yeye siku hiyo kapangiwa kazi hukohuko. Nikachelewa kwenye dagaa. Nikafika naona bendera imeshapanda. Tulitazamana, mimi na yeye. Treni ikaondoka."

"Alikuona?" Kulwa akauliza.

"Aliniona vizuri. Na akapanda nayo akaenda zake, maana kwenye treni kulikuwa na wagonjwa na watoto wa shule. Nilimtukana mpaka kijani chenyewe kikaona haya. Lakini alipofika kwetu na kukabidhi kazi, alirudi kwa miguu juu ya mataruma ya reli, njia yote ile, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Alinikuta nimekaa kwenye gunia. Hakuniomba msamaha. Alisema tu, 'Mweke mtoto mgongoni mwangu.' Tukarudi kwa miguu, nikiwa nimenuna, na yeye anabeba kila kitu." Akapumua. "Huyo ndo alivyo. Ataacha, hilo sikufichi. Lakini atarudi kumfuata. Sasa hivi yuko Kiabakari anamtafuta mtu ambaye yuko hapa na birika."

Kulwa akasema, "Mumeo mjinga."

"Sana, wifi."

"Wangu hakurudigi," Kulwa akasema. Akajifuta jicho kwa ncha ya khanga na kuomba mazungumzo yaendelee.

Mazungumzo yakaendelea, na yakaenda vizuri, ingawa msemaji wa ukoo hakuwepo, au pengine kwa sababu hiyo. Chakula kikaliwa. Fredi akaruhusiwa kukaa, akapewa maji ya kunawa miguu. Fundi wa turubai mwenyewe alifika watu wanakula, akapewa sahani, akala, akasifu kazi.

Isidori aliingia jua limepinda. Alikuja nyuma ya kigari cha mizigo, kirikuu, kilichobeba mbuzi, amesimama katikati yao, ameshika chuma kwa mkono mmoja na kiatu cheusi kinachong'aa kwa mkono wa pili. Mbuzi mmoja alikuwa amekula nusu ya bendera nyekundu. Watu wote wakasimama. Alishuka kwa shida, akamwona Fredi chini ya turubai, akamtazama muda mrefu.

"Umekuja na nini?" akamuuliza.

"Na lori la barafu, baba mkubwa."

"Liliondoka saa ngapi?"

"Nilipopanda."

Isidori akatikisa kichwa, akampa kiatu. "Fundi anakusalimia. Anasema ulikimbia hujaridhika na kazi yake."

Walimwekea ugali na sato aliyebakizwa. Mzee Mwandu akaja kukaa karibu naye, kwa sababu hakuwahi kumwona mtu wa reli akila, na kwa sababu alitaka kujua mtu anafikaje Kibara na mbuzi wa watu. Isidori akamweleza. Alisimama Kiabakari akiinua bendera nyekundu, na mabasi yakampigia honi yakapita, moja baada ya jingine, yote yamejaa. Kondakta mmoja alimpungia mkono.

"Mzee mwenzangu," akasema, na sauti yake ikashuka, "kazi ile nimeifanya maisha yangu. Nimeacha watu, hata sijui wangapi. Lakini mimi sikuwahi kuachwa. Tulikaa palepale stesheni, ungeniachaje? Leo nimesimama pale najiuliza, hivi nikikosa hili, nitalala wapi?" Akamega ugali. "Inauma sana. Hakuna aliyewahi kuniambia inauma namna ile."

"Kula," Mzee Mwandu akamwambia, akamsogezea bakuli la mchuzi. Alimwacha amalize mkia wa samaki. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo.

"Eti wanasemaga reli itakuja mpaka Musoma. Unaamini?"

"Wanasema."

"Ikija, mimi ningetaka ipitie hapa kwangu. Stesheni iwe pale nyuma ya zizi. Niwe nalala, nikisikia honi ndo natafuta kofia."

Isidori akanyoosha shingo kutazama nyuma ya zizi. Akaacha kutafuna.

"Pale haifai. Pana mteremko. Treni ikisimama pale haitaondoka."

"Mteremko gani? Hapa ni tambarare, nimezaliwa hapa!"

"Ng'ombe wako wanaona tambarare. Injini inaona mteremko."

"Twende ukanionyeshe."

Yuliana alikuwa anawaaga wenyeji, Boniphace amewasha gari, na Shangazi Matrida tayari ameketi dirishani. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kuvuka ua. Mzee Mwandu alitangulia na fimbo yake, anachora mstari kwenye mavi makavu ya ng'ombe, na Isidori akafuata nyuma ameinama, anapima kwa hatua, anakataa. Revocatus aliwaita mara mbili. Hawakugeuka. Walikuwa wameshafika mahali pa kuweka choo cha abiria, na hapo walikuwa hawaelewani kabisa.